Premio inalia "tak" moja tu haiwaki, betri mpya nimeshaweka, shida itakuwa wapi?

mkazi_nkuhungu:

Wakuu habari za majukumu. Naombeni msaada kwa wenye uelewa wa umeme wa magari maana hapa Dodoma nimeshazunguka kwa mafundi na kila mmoja ana lake.

Nina Premio ile old model, injini 7A, gia otomatiki. Asubuhi nikitoka nayo Nkuhungu inawaka vizuri tu, naenda mpaka Mtumba kazini, inashinda pale, jioni inawaka. Shida inakuja gari ikishakuwa ya moto. Mfano natoka kazini napita soko la Job Ndugai kununua mboga, nazima, nikirudi nageuza ufunguo nasikia TAK, moja tu, basi. Injini haizunguki hata kidogo. Nageuza tena, TAK. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaimba, honi inalia. Nikiifungulia boneti nikakaa nusu saa hivi ikapoa nikipiga tena inawaka kama hakijatokea kitu.

Fundi wa kwanza akasema betri imekufa, nikanunua mpya, tatizo liko vile vile. Wa pili anasema stata nzima (ile mota ya kuzungusha injini wakati wa kuwasha) imekwisha ninunue ya used. Wa tatu anasema ni swichi ya ufunguo. Mwingine akaniambia betri niliyouziwa ni feki nirudishe dukani. Sasa hela haiokotwi wakuu, nikinunua kila ninachoambiwa ntamaliza mshahara na gari bado halijapona. Na Jumamosi natakiwa kumrudisha mama Kondoa, sitaki kabisa inizimikie njiani kule Mayamaya na jua lile halafu nipo na mtu mzima.

Mwenye kujua naanzia wapi kuchunguza kabla sijatoa hela nyingine?

---

fundi_umeme_dom:

Mkuu pole sana, ila umeeleza vizuri, kwa maelezo hayo tu nusu ya kazi umeshaimaliza.

Kitu cha kwanza ni mlio. Watu wengi wanakuja wanasema "gari inalia haiwaki" lakini milio iko ya aina mbili na kila mmoja una maana yake. Ukisikia tikitikitikitiki ya haraka haraka, na taa za dashi zinacheza cheza au zinafifia, hapo mara nyingi umeme ni mdogo, yaani betri imeisha chaji au vichwa vya betri vimelegea au vimeota uchafu. Solenoidi ya stata, yaani swichi ya umeme inayokaa pale pale kwenye stata, inavuta, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inavuta tena, ndo ule mlio. Ukisikia TAK moja nzito halafu kimya na taa zimebaki vile vile, solenoidi imevuta vizuri ila umeme mkubwa haujafika kwenye mota ya stata, au umefika na mota imegoma. Wewe uko kundi hili la pili kwa hiyo hilo la betri feki mimi siliafiki, betri ikiwa mbovu taa zitazama ukipiga stata.

Fanya hivi leo usiku, haihitaji hata kifaa. Izungushe gari mpaka ipate moto igome, washa taa kubwa umulike ukutani, mwambie mtu ageuze ufunguo wewe uangalie ule mwanga. Taa zikizama sana au zikazimika kabisa, umeme unavutwa mwingi au njia yake ni nyembamba, hapo angalia betri, vichwa, waya wa ethi (ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini), au stata imejam. Taa zikibaki kali kama zilivyo na umesikia TAK, basi umeme mkubwa haupiti kabisa, shida iko ndani ya stata yenyewe, kwenye vile vishaba vya solenoidi vya kugusanisha umeme au kwenye brashi zinazoingiza umeme kwenye mota.

Halafu sikiliza TAK inatokea wapi. Kama ni kamlio kepesi kwenye boksi la fyuzi hiyo ni relei, yaani swichi ndogo ya umeme, stata haijapata umeme kabisa, na hapo ndipo yule aliyekwambia swichi anaweza kuwa na hoja. Kama ni kishindo kizito pale injini inapoungana na giaboksi, hiyo ni solenoidi.

---

Zabibu_chungu:

Mkuu wala usiumize kichwa hiyo ni betri. Mimi yangu ilikuwa hivyo hivyo nikabadili betri ikapona mpaka leo. Mafundi wanapenda kuzungusha watu. Jaribu kubusti na gari nyingine ikiwaka ujue ni betri.

---

mwl_Bahi:

Zabibu kaka yangu, betri ameshabadilisha, soma vizuri. Na gari yake inawaka asubuhi ikiwa ya baridi, betri mbovu ingeanza kusumbua asubuhi ndo baadaye mchana, si kinyume chake. Miezi hii ya Juni na Julai asubuhi za Dodoma ni baridi kweli na betri iliyochoka inagoma alfajiri.

Ila nakubaliana na wewe kwamba watu wengi shida yao huwa ni betri au vichwa vyake na nataka niseme kidogo hapo maana watakuja wengine kusoma wenye mlio wa tikitiki. Mimi nina IST, nakaa Bahi nafundisha, na jua letu hili linakula betri kuliko watu wanavyodhani. Joto linakausha maji ya betri, sahani za ndani zikibaki wazi zinakufa. Zile betri zenye vifuniko sita juu fungua uangalie, maji yafunike sahani, yakipungua ongeza maji ya betri ya dukani yaliyosafishwa, siyo tindikali. TAFADHALI msiongeze maji ya bomba, maji yetu haya ya visima yana chumvi, wote tunayaona yanavyoacha ukoko mweupe kwenye masufuria na birika, huo ukoko ndo mnaupeleka ndani ya betri.

Na ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa, huo unazuia umeme kabisa, unaweza kuwa na betri nzima na gari haiwaki. Fungua waya wa hasi kwanza ndipo wa chanya, spana namba 10 inatosha kwenye Toyota nyingi, koroga magadi kwenye maji ya moto mwagia taratibu, utaona inachemka chemka, magadi yanaua ile tindikali. Yasiingie kwenye matundu ya betri tu. Suuza, kausha, sugua na msasa mpaka risasi ing'ae, wakati wa kurudisha anza na chanya malizia na hasi, kaza mpaka ukijaribu kuzungusha kichwa kwa mkono kigome. Usipake grisi kabla hujakaza, paka juu baada ya kukaza. Na vaeni kitu machoni, hiyo tindikali si ya kuchezea.

---

Kibaigwa_Road:

Wakuu mimi ni dereva, siyo fundi, ila stata zenye tabia hii nimekutana nazo sana njia ya Gairo. Ikikugomea na uko mbali na fundi, chukua mpini wa spana ya magurudumu au kipande cha mti mgumu, mtu ageuze ufunguo ashikilie, wewe unagonga stata taratibu, ko ko ko, mara nyingi inazunguka. Usigonge kwa hasira, stata nyingine ndani zina sumaku zinapasuka na hapo umeiua moja kwa moja. Gia iwe P, hendibreki juu, na asiwepo mtu mbele ya gari.

Ikiwaka kwa kugongwa usifurahi ukasahau. Maana yake brashi zimeisha au vishaba vimelika na siku yoyote hata kugongwa haitasikia.

Ambacho siafiki ni hawa vijana wanaoingia chini ya gari na bisibisi wanagusanisha nati mbili za stata. Gari ikiwa kwenye gia inakupanda. Na waya mkubwa ule kwenye gari nyingi unatoka kwenye betri moja kwa moja hauna fyuzi, ukigusa bodi na bisibisi utaona moto wake. Kuna wanaojifanya wazoefu, hapana jamani, watu wanaumia.

Na kwa kuwa yako ni otomatiki kusukuma haitasaidia, msichoshe watu.

---

mkazi_nkuhungu:

Asanteni sana wakuu. Nimefanya lile jaribio la taa ukutani. Ilipogoma taa zimebaki kali vile vile, hazikufifia hata kidogo, na kishindo kinatoka kule chini kwa giaboksi siyo kwenye boksi la fyuzi. Kuna jirani ana mita ya umeme ya kawaida ya nyumbani, inaweza kutumika? Na nipime wapi? Nataka nikienda kwa fundi niwe na majibu mkononi.

---

fundi_umeme_dom:

Inatumika vizuri sana, weka kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Vipimo hivi fanya wakati imegoma, siyo asubuhi ikiwa nzima maana utapata majibu mazuri ambayo hayana maana. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, gari linapelekwa gereji likiwa limepoa, fundi anapiga linawaka, basi anaanza kukisia na wewe ndo unalipia ile kisia yake. Mwambie fundi asubiri lipate moto.

Anza na betri yenyewe gari ikiwa imezimwa. Betri iliyojaa na kutulia inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi, chini ya 12 imeisha. Sasa mtu apige stata wewe ukiangalia, ikishuka chini ya 9.6 betri haiwezi kazi au stata inavuta umeme kupita kiasi. Yako nahisi itabaki 12 na kitu, tutaona.

Ethi sasa. Mchomo mmoja weka kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, ile risasi siyo kile kibano, mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, mtu apige stata. Hapo unapima volti zinazopotea njiani. Ikizidi nusu volti ethi yako mbovu, waya umeoza au umelegea pale unapofungwa kwenye injini. Usiiangalie kwa macho ukasema nzima, waya unaweza kung'aa nje na ndani ukawa wa kijani mtupu. Ila kuna kitu uelewe, kipimo hiki kina nguvu pale umeme mwingi unapopita. Kama stata haivuti kabisa kitasoma karibu na sifuri hata waya ukiwa na udhaifu kidogo, kwa hiyo ukirudia siku inapozunguka utapata jibu la uhakika zaidi.

Kipimo cha tatu ndo kitakachokata mzizi wa fitina, na ndicho ambacho wengi hawafanyi. Kwenye solenoidi, yaani kale kasilinda kadogo kalikopanda mgongoni mwa stata, utaona nati mbili kubwa na waya mmoja mwembamba. Nati moja inapokea waya mnene wa betri, hiyo muda wote ina volti 12. Nati ya pili inaingiza umeme kwenye mota. Ule mwembamba ndo unaleta amri kutoka kwenye ufunguo. Mchomo mweusi weka kwenye chuma cha injini, mwekundu utembeze. Mtu akigeuza ufunguo, waya mwembamba usome 10 au zaidi. Ukisoma 7 au 8 basi swichi au relei inakula umeme, solenoidi inavuta kinyonge, na kwenye Toyota za umri huu inatokea, dawa yake ni kuongeza relei siyo kununua stata. Kama mwembamba uko vizuri nenda kwenye nati ya pili. TAK imelia na nati ya pili inasoma sifuri, vishaba ndani ya solenoidi vimelika, havigusani. TAK imelia, nati ya pili inasoma 12, mota haizunguki, hapo ni brashi au mota yenyewe.

Umeona? Mafundi wanne wote wangepata jibu kwa vipimo hivyo na pengine wangemaliza kabla chai haijapoa.

Kwa nini ikiwa ya moto ndo inagoma: waya wa shaba ukipata joto unazuia umeme zaidi, koili ya solenoidi inavuta kwa nguvu ndogo, kile kisahani cha shaba kinachounganisha vishaba viwili hakikandamizi vizuri. Vishaba vikiwa vipya huoni tofauti, vikishalika ile nguvu inayopungua ndo inayokugomesha. Injini ikizimwa feni haipulizi tena na joto lote linabaki pale chini, ongeza jua la Dodoma kwenye lami, stata inaiva.

---

Zabibu_chungu:

Hapo nimekuelewa mtaalam. Kwa hiyo hata mimi mwenyewe siku nyingine nianze na taa ukutani kwanza. Swali, nikibusti gari la mtu kuna utaratibu gani maana mwezi uliopita jamaa hapa Kisasa alichomeka kinyume fyuzi kubwa ikaungua na altaneta inayochaji betri ikafa.

---

fundi_umeme_dom:

Upo. Chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, kisha hasi ya betri nzima, na ule mchomo wa mwisho kabisa usiuweke kwenye betri iliyokufa, bana kwenye chuma cha injini ya hilo gari mbali na betri. Betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni na cheche ya mwisho ikitokea juu yake inaweza kulipuka usoni. Acha gari nzima iungurume kidogo ndipo upige. Kutoa unaanza na ule wa mwisho unarudi nyuma. Alama za kujumlisha na kutoa zisome kwa tochi, usiamini rangi ya waya, kuna watu wanafunga waya wa rangi yoyote waliyoikuta.

---

mkazi_nkuhungu:

Mrejesho wakuu.

Nimepima na jirani jana jioni gari ikiwa ya moto imegoma. Betri 12.6 imetulia, nikipiga inabaki 12.4. Ethi imesoma karibu na sifuri. Waya mwembamba 11.6. Nati ya betri 12.4. Nati ya pili SIFURI, TAK inalia na mita haisogei. Tulirudia tukapata vile vile.

Leo nimeenda na hayo majibu kwa fundi mwingine, mzee mmoja mtulivu sana, nikamwonyesha karatasi, akasoma akasema "hii nimekuelewa" hakuuliza kitu kingine. Akafungua waya wa hasi wa betri kwanza, akashusha stata, akafungua kifuniko cha nyuma cha solenoidi mbele yangu. Ndani kuna vishaba viwili vyenye umbo kama la herufi L, kimoja kimelika mpaka kimekuwa chembamba kama karatasi, upande ule unaopokea umeme wa betri, kingine bado kinene. Kile kisahani kinachovigusanisha nacho kimechimbika pembeni. Brashi alizipima akasema bado ndefu. Amebadili vishaba vyote viwili pamoja na kile kisahani na fimbo yake, akasafisha vumbi jekundu lililojaa mle ndani, akapaka grisi kidogo kwenye meno. Nimelipa sehemu ndogo sana ya ile bei ya stata used niliyotajiwa.

Baada ya hapo nimetembea mpaka Ihumwa na kurudi juani makusudi, nimezima nimewasha, nimezima nimewasha, inashika kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuisikia. Mama Jumamosi anakwenda Kondoa. Mungu awabariki sana, hasa fundi umeme na mwalimu.

---

Kibaigwa_Road:

Safi sana mkuu. Huyo mzee ni fundi, kubadili vyote viwili ndo sahihi. Kuna wanaobadili kile kilicholika tu, kipya kinakuwa kirefu kuliko mwenzake, kisahani kinakaa upande upande, miezi michache umerudi.

---

Hombolo_kwetu:

Wakuu naomba kudandia hapa hapa. Mimi yangu ni Spacio, inalia tikitikitiki asubuhi, nikibusti inawaka natembea siku nzima vizuri, kesho yake asubuhi tena. Vichwa nimesafisha kama mwalimu alivyosema. Betri ina kama miaka minne. Ninunue?

---

mwl_Bahi:

Subiri kwanza ndugu yangu. Gari ikiwa inaunguruma pima volti kwenye betri. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.5 altaneta inachaji, hapo betri ya miaka minne kwenye joto letu imeshafanya kazi yake. Ikisoma 12 na kitu na inaendelea kushuka ukiwasha taa, altaneta haichaji, ukiweka betri mpya utaiua na hiyo. Angalia na mkanda wa altaneta kama umelegea, na ile taa nyekundu ya betri kwenye dashi kama inawaka unapogeuza ufunguo kabla ya kuwasha, isipowaka kabisa hapo pia pana jambo.

---

fundi_umeme_dom:

Mwalimu amemaliza. Naongeza moja tu, kabla ya kununua peleka hiyo betri ichajiwe kwa chaja usiku kucha, asubuhi usiipime muda huo huo, iache itulie masaa kadhaa ndipo upime. Ikikaa 12.6 na kesho yake bado ipo hapo hapo bila kufungwa kwenye gari, huenda betri ni nzima na kuna kitu kwenye gari kinanyonya usiku, mara nyingi redio iliyofungwa mtaani au alamu. Ikishuka yenyewe ikiwa mezani, nunua, na ukienda dukani beba ya zamani uoanishe ukubwa na upande wa vichwa, maana zipo zenye chanya kushoto na zenye chanya kulia na waya za Spacio hazivutiki.